Iulize Injini Kabla ya Kwenda Dukani

Chukua gari dogo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 2000, tuseme Toyota Vitz au Probox, limesimama kwenye taa nyekundu. Usukani unatetemeka, kioo cha pembeni hakishiki sura, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, na mara moja moja injini inataka kuzima. Taa ikiwaka kijani na dereva akakanyaga mafuta, ugonjwa wote unapotea. Akifika gereji ataambiwa ni plagi. Zikibadilishwa na mtikisiko ukabaki, itakuwa koili. Baada ya koili, nozeli. Baada ya nozeli, pampu ya mafuta. Na mwisho kuna atakayesema kwa sauti ya chini kwamba injini imechoka, itafutwe nyingine ya mtumba. Hakuna uongo katika orodha hiyo. Plagi mbovu hutikisa injini, koili mbovu hutikisa, nozeli iliyoziba hutikisa, na injini iliyochoka nayo hutikisa. Shida iko hapo hapo: dalili ni moja, wanaoweza kuileta ni kumi na zaidi, na dalili yenyewe haitaji jina la mtu. Ninachodai ni kwamba mtikisiko wa namna hii hutambuliwa kwa kulinganisha: silinda hii na ile, injini baridi na injini moto, mzunguko mdogo na mkubwa, injini yenye mzigo na isiyo na mzigo. Kununua kipuri kunakuja baada ya hapo. Na sehemu kubwa ya ulinganisho huo haigharimu hata bei ya plagi nne.

Sailensa, yaani injini kuzunguka pasipo kukanyagwa mafuta, huonekana kama mapumziko, lakini kwa injini ya petroli ni kazi ya kubahatisha kuliko zote. Injini ya lita moja na nusu kama 1NZ-FE, iliyofungwa kwenye Vitz, Probox, Ist, Premio na ndugu zao wengi, ikishapata moto huzunguka mara 650 hadi 750 hivi kwa dakika, na huvuta takriban gramu mbili tu za hewa kwa sekunde. Petroli inaungua vizuri ikichanganywa gramu moja kwa gramu 14.7 za hewa. Ukipiga hesabu, na kila silinda ikiwaka karibu mara sita kwa sekunde, utakuta kila mwako unapewa miligramu sita hivi za petroli, kiasi kisichofika hata tone. Kwenye kiasi kidogo namna hiyo kila dosari inakuwa kubwa. Tundu dogo linaloingiza hewa isiyopimwa linaweza kuwa sehemu ya kumi ya hewa yote ya injini iliyo kwenye sailensa. Dereva akikimbia barabara kuu, injini inavuta hewa mara nyingi zaidi, na tundu lile lile halisikiki tena. Kwenye sailensa magurudumu nayo hayajaanza kusaidia kuvusha injini kutoka mwako mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo dereva anaposema kwamba gari likikimbia halina neno, asichukuliwe kuwa anapunguza uzito wa tatizo. Amekwisha kutoa ushahidi wa kwanza.

Kabla ya ushahidi wa pili inafaa kujua kama kinachotikisika ni injini au ni gari. Injini imekalia mauntingi, vipande vya mpira na chuma vinavyomeza mtetemo usifike kwenye bodi. Mpira uliokaa miaka 20 juu ya joto hukakamaa au huchanika, na hapo hata injini nzima kabisa itatetemesha viti. Mshale wa mizunguko ukitulia, na mlio wa eksozi nyuma ukawa sawasawa, huku kiti kinatetemeka hasa gia ikiwa kwenye D na breki imekanyagwa, tazama mauntingi kabla ya kitu kingine. Mtu mmoja ashike breki barabara, mwingine asimame ubavuni, kamwe asisimame mbele ya gari, aangalie injini inavyoruka gia inapoingizwa. Katika magari makuukuu mara nyingi mambo yote mawili yapo: injini yenye misi, yaani inayokosa baadhi ya miako, imeyapiga mauntingi kwa miaka, na mauntingi yaliyokufa yanaifanya misi ndogo ionekane kubwa. Hapo hapo washa AC. Mzunguko utashuka kidogo kwa mzigo wa kompresa, kisha kompyuta ya injini inapaswa kuongeza hewa na kuurudisha. Usiporudi, injini ikabaki inasinzia, kinachotiliwa shaka ni njia ya hewa ya sailensa: valvu yake, au mlango wa hewa wenyewe uliogandwa na masizi meusi ya mafuta. Usafi wa sehemu hiyo hauhitaji kipuri chochote, unahitaji kopo la dawa, kitambaa na subira.

Fundi mzoefu atasema hayahitaji yote haya, yeye husikia. Ana haki, ila tuseme wazi anachosikia. Sikio hutambua vizuri mpangilio. Misi inayopiga kwa mapigo sawa, kama mtu anayechechemea mguu ule ule, maana yake silinda moja imelala wakati wote. Misi inayokuja bila mpango, mara hapa mara pale, inaelekeza kwenye kitu ambacho silinda zote hukitegemea. Kugawa huku ni hatua kubwa na sikio zuri linaifanya kwa sekunde kumi. Lakini sikio haliwezi kusema silinda iliyolala ni ya ngapi, wala kama imekosa moto, petroli au kompresheni. Fundi anayevuka kutoka kusikia misi moja kwa moja hadi kutamka "koili" amekwisha kuacha kusikia na ameanza kukisia. Huenda akapatia, kwa sababu koili hufa mara nyingi. Mara atakapokosea, mwenye gari ndiye atakayelipa.

Silinda iliyolala inapatikana hivi. Injini ikiwa kwenye sailensa na tayari imepata moto, chomoa soketi ya umeme ya koili ya kwanza kwa sekunde chache. Kama silinda hiyo ilikuwa kazini, injini itashtuka na mzunguko utaanguka. Rudisha, nenda ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika haikuwa inafanya kazi tangu mwanzo. Sekunde zinatajwa kwa makusudi: silinda isiyo na moto inaendelea kumwaga petroli mbichi kwenye eksozi, na petroli hiyo ikifika kwenye masega ya kusafishia moshi inaungulia humo na kuyaharibu. Magari ya zamani zaidi yenye distributa na waya za plagi, kama Corolla nyingi za injini ya 5A-FE, yanataka tahadhari nyingine. Usivute waya wa plagi injini ikinguruma, kwa maana volti makumi ya elfu zitatafuta pa kupita na mkono wako ni njia nzuri. Chomoa soketi ya nozeli badala yake, utapata jibu lile lile na petroli haitamwagika.

Sasa tuseme silinda ya tatu ndiyo iliyolala. Zima injini, hamisha koili ya tatu uiweke ya kwanza, na ya kwanza uilete ya tatu, kisha rudia jaribio. Misi ikihamia silinda ya kwanza, koili imejishtaki yenyewe, na sasa unaweza kwenda dukani kwa amani. Ikibaki ya tatu, koili haina hatia. Hamisha plagi kwa namna ile ile. Katika kuitoa plagi umepata ushahidi mwingine bure: plagi kavu yenye masizi meusi imekuwa ikipewa petroli nyingi kuliko hewa, iliyolowa oili inasema pete za pistoni au sili za valvu zimechoka, ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu iko salama. Ilimradi fundi asiipige msasa kabla hujaiona. Tabia hiyo ya msasa, kwanza inafuta ushahidi, na pili kwa plagi za iridiamu inaua kabisa, kwani ncha yake ni uzi mwembamba chini ya milimita moja uliokusudiwa kutoguswa. Koili na plagi zikishahamishwa na silinda ya tatu ikawa bado imelala, kumebaki hasa mambo mawili: nozeli, au silinda yenyewe haikamati.

Hapo inaingia geji ya kompresheni, kifaa cha bei ya kawaida ambacho gereji yenye heshima inacho. Plagi zote hutolewa, moto na nozeli hukatwa umeme, mafuta hukanyagwa hadi chini, stata hupigwa, na kila silinda husomwa kwa zamu yake. Namba moja peke yake haina maana kubwa. Betri dhaifu itaishusha, na mwinuko wa nchi nao utaishusha. Kinachosema ni tofauti: tatu zikilingana na moja ikawa chini sana, hiyo moja ina jambo. Tia kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena. Namba ikipanda, oili imeziba kwa muda pengo kwenye pete. Isipopanda, tazama juu, kwenye valvu na gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi iliyoungua katikati yao ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kuna pia dalili ya gasketi inayojulikana bila geji: gari linalotetemeka sekunde chache kila asubuhi kisha likatulia siku nzima, huku maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovujia. Usiku maji yamepenya kidogo kidogo hadi kwenye silinda. Vitabu husema moshi wake hunukia utamu, lakini utamu huo unatoka kwenye dawa ya rejeta. Anayejaza maji ya bomba asisubiri harufu.

Tuseme lakini hakuna silinda iliyolala, na misi inarukaruka. Sasa tunatafuta kitu ambacho silinda zote nne hushirikiana, na mara nyingi ni hewa. Kati ya mlango wa hewa na silinda kuna manifoldi, gasketi zake, na mipira kadhaa inayotoka hapo: mmoja kwenda kwenye busta ya breki, mwingine kwenye valvu inayonyonya mvuke wa oili kutoka kwenye injini, mingine midogo. Miaka 20 ya joto chini ya boneti huifanya migumu, na hupasuka upande wa chini, jicho lisikofika. Injini yenye mpira uliopasuka ni kama mtu anayenywa dafu kwa mrija wenye tundu: anavuta kwa nguvu zake zote na sehemu ya anachokipata ni upepo. Kupata tundu hilo hakuhitaji kubadilisha mipira yote. Ibane mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililofungwa kitambaa, injini ikiwa kwenye sailensa. Ule ambao ukiubana injini inatulia ndio wenye hila, ama wenyewe ama kifaa kilicho mwisho wake. Mafundi wengi hupuliza dawa ya kabureta kwenye viungio wakisikiliza mzunguko ubadilike, na njia hiyo hufanya kazi, ila dawa hiyo inashika moto haraka na eksozi iko jirani.

Gari likiwa na mashine inayoweza kuongea nalo, kuna ushahidi mzuri zaidi. Kompyuta ya injini hutazama sensa ya oksijeni kwenye eksozi na kurekebisha petroli kwa asilimia. Soma asilimia hiyo injini ikiwa kwenye sailensa, kisha piga resi mpaka mizunguko 2,500 uishikilie hapo, usome tena. Kama kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 20 kwenye sailensa na karibu sifuri kwenye 2,500, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ile ile ya tundu dogo kwenye kiasi kidogo. Ikiwa kinyume chake, sawa kwenye sailensa na upungufu unakua kadiri unavyopiga resi, acha mipira. Tazama filta na pampu ya mafuta zinazoshindwa kufikisha petroli inapohitajika nyingi. Vipimo viwili vya dakika moja vimetenga magonjwa mawili ambayo gerejini hutibiwa kwa dawa ile ile ya kubadilisha pampu.

Pasipo mashine, geji ya mvuto wa hewa inayochomekwa kwenye manifoldi inasema mengi, lakini hapa kitabu kinaweza kumdanganya msomaji wa Afrika Mashariki. Vitabu vingi vya ufundi vinasema injini nzima huonyesha inchi 17 hadi 22 za zebaki kwenye sailensa. Hiyo ni namba ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na kanieneo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ya lile la Mombasa au Dar es Salaam. Injini inayoonyesha 20 pwani itaonyesha 14 au 15 Nairobi, na Mbeya haiko mbali na hapo, bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Anayeshika kitabu bila kukumbuka aliposimama ataifungua injini nzima bure. Tabia ya mshale ndiyo isiyobadilika kwa mwinuko: ukitulia ni heri, ukidondoka kwa mapigo sawa, valvu moja haifungi vizuri, ukielea polepole huku na huko, mchanganyiko wa hewa na petroli hauko sawa.

Joto nalo linastahili aya yake, kwa sababu ya desturi moja iliyozoeleka mno. Katika gereji nyingi za kwetu, gari likichemsha mara moja tu, thamostati inatolewa na kutupwa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Wazungu wenye theluji. Hoja hii haisimami. Thamostati ya kawaida hufunguka karibu nyuzi 82, na hakuna mchana wa Mombasa unaofika nusu ya hizo. Ikishafunguka, maji yanapita; gari linalochemsha lina rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, kofia ya rejeta isiyobana, au gasketi. Iliyotolewa, injini haifiki joto lake kamwe, hasa asubuhi ya Julai nyanda za juu. Kompyuta, kwa uaminifu, inasoma baridi na kuendelea kumimina petroli ya kuwashia asubuhi siku nzima. Plagi zinajaa masizi, sailensa inapanda na kuyumba, mafuta yanakwisha, na fundi anabadilisha plagi. Ugonjwa huo huo unaweza kuletwa na sensa ya joto la maji inayosema uongo. Kwenye Toyota nyingi sensa hiyo huwa na ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwa nyuzi 80. Mita ya umeme ya bei ndogo inaipima ikiwa baridi na ikiwa moto, na uongo unaonekana.

Hapa wengi hupinga: mashine si inasema kila kitu? Taa ya injini imewaka, chomeka mashine, soma namba, nunua kilichotajwa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji hata mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya dashibodi itakonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mapigo sawa, haina la kusema. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili tena, ni namba 22, saketi ya sensa ya joto la maji. Saketi, maana yake waya, soketi na sensa kwa pamoja. Waya uliotafunwa na panya unatoa namba ile ile. Na sensa inayodanganya kiasi, isiyovuka mipaka ya kuaminika, haitoi namba yoyote. Magari ya baadaye yenye soketi ya pini 16 yana namba nyingi zaidi, lakini mantiki ni hiyo. P0301 inasema silinda ya kwanza inakosa mwako. Haisemi kwa nini. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na inavyotokea mara nyingi kinachobadilishwa ni sensa ya oksijeni, mjumbe aliyeleta habari, huku mpira uliopasuka ukibaki mahali pake. Tena Marekani ndiyo iliyolazimisha mfumo huo kwa magari yake kuanzia modeli za 1996. Gari la miaka hiyo lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani laweza kuwa na soketi ya umbo hilo hilo na bado lisielewane na kidude cha bei rahisi cha Bluetooth. Kidude kikikaa kimya, usidhani kompyuta imekufa.

Kibaya zaidi ni kuchomoa betri ili taa izime. Pamoja na taa, vinafutwa kumbukumbu ya hali ambayo hitilafu ilitokea, yale marekebisho ya petroli niliyoyataja, na mazoea ambayo kompyuta ilijifunza kuhusu mlango wa hewa uliochakaa. Gari litatoka gereji likiwa na sailensa mbovu kuliko lilivyoingia, angalau kwa muda, na atakayelipokea kesho atakuwa hana pa kuanzia.

Lawama nyingine hupelekwa kwenye petroli, na haijatungwa hewani. Kuchanganya mafuta ya taa na petroli ni tatizo lililotosha kuifanya Kenya, mwaka 2018, itoze ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili mchanganyiko usiwe na faida. Lakini petroli chafu huingia silinda zote nne. Haichagui ya tatu. Kama jaribio la kuchomoa soketi limeonyesha silinda moja imelala na tatu zinapiga kazi, kituo cha mafuta kimeondoka kwenye orodha. Kama zote zinasuasua, na zilianza siku ile ile tangi lilipojazwa, kirudishwe kwenye orodha.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la bei. Plagi ni rahisi, muda wa fundi una thamani, kwa nini usibadilishe tu uone? Kwa plagi ambazo muda wake umefika sibishani. Zibadilishwe, zile za zamani ziwekwe kwa mpangilio wa silinda zao zitazamwe. Lakini kwa koili, nozeli au sensa ya hewa, "tubadilishe tuone" huku kwetu ina kasoro ambayo kule kwenye vipuri vipya haipo. Kipuri chenyewe kwa kawaida ni cha mtumba kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka, kimetolewa kwenye gari ambalo hakuna anayejua lilikufa kwa nini. Ukikifunga na misi ikabaki, hujajua kama cha zamani kilikuwa kizima au hiki nacho ni kibovu. Umelipa pesa na umebaki na maswali mawili penye moja. Kuhamisha koili ya gari lenyewe kutoka silinda hadi silinda hakuna utata huo, kwa sababu zile nyingine tatu zimekwisha kuthibitika kwamba zinafanya kazi.

Hata hivyo sioni kwamba mafundi ndio wa kulaumiwa peke yao. Fundi wa mtaani hulipwa kwa kufunga. Mteja atatoa pesa kwa koili bila kunung'unika, lakini akiambiwa saa moja ya kupima ina bei hata kama hakuna kilichofungwa, atauliza analipia nini. Kwa malipo ya namna hiyo kukisia ndiyo biashara yenye akili, na fundi makini anayepima nusu siku akagundua mpira wa shilingi chache uliopasuka amejinyima mkate. Wala si jambo la watu wachache. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Mengi yalikuja bila daftari la matengenezo. Mwenye gari wa namna hiyo akubaliane na fundi mapema bei ya kupima, mbali na bei ya kufunga, na kipuri kisinunuliwe mpaka ajibiwe ni silinda ya ngapi na ilijulikanaje. Atakayejibu "nimehamisha koili, misi ikahama nayo" amestahili pesa yake. Atakayejibu "hizi gari ndio zake" aambiwe asante.

Mara nyingine vipimo vitaleta jibu lisilopendeza: kompresheni ya silinda moja iko chini, oili haikuipandisha, valvu imeungua. Hakuna plagi wala dawa ya nozeli itakayorudisha hilo, na uamuzi unabaki kati ya kufungua hedi na kununua injini ya mtumba. Anayechagua injini ya mtumba achukue geji ile ile mpaka dukani. Injini iliyolala sakafuni, ikiwa bado na gia boksi au kengele yake ya kufungia stata, inaweza kupigwa kwa betri na kusomwa silinda zote nne kabla pesa haijabadilisha mikono, na muuzaji anayekataa hilo amekupunguzia safari ya kurudi.